Bendera Ikipanda, Boti Isimame

Kwa aliyenikosa wiki iliyopita, nakupa kwa ufupi, maana ya leo ni mengi.

Mimi ni Gudveig. Naishi Bergen na mama yangu, Borghild, ambaye kumbukumbu zinamtoka kidogo kidogo. Baba yangu, mzee Anfinn, yuko Nedrelid na mbuzi wake, shamba lililo juu ya genge, ndani kabisa ya fyordi yetu, ule mkono mwembamba wa bahari uliobanwa na milima. Gari halifiki kule. Unafika kwa boti, halafu unapanda ngazi ya mbao iliyoegemezwa kwenye jabali.

Mama alipovunjika nyonga alishuka mjini. Baba hakutaka kuwaacha mbuzi. Alimwambia, "Ukipanda hiyo boti, usirudi." Mama akapanda. Hawajaonana tangu siku hiyo.

Sasa daktari ananiambia kama kuna mtu nataka Mama amwone akiwa bado anamjua, nisisubiri baridi ianze. Ndiyo maana nilipanga safari ya wikiendi kwenye fyordi. Nikakata tiketi za meli kubwa. Meli ikafuta safari. Mliniacha nimekaa sakafuni jikoni, nalia na simu mkononi.

Basi niliinuka. Asante kwa salamu zenu. Yule aliyeniandikia kwamba wazee wakishakosana waachwe, na yeye asante, ila sikumfuata.

Nilikwenda kwenye gati la boti ndogo, nikamkuta nahodha mmoja, Torleiv, anapaka rangi mlango wa boti yake. Huwachukua watalii wachache: Jumamosi kutoka Bergen, usiku kulala Balestrand, Jumapili kuzunguka fyordi za ndani.

"Nafasi zipo," alisema bila kunitazama. "Wangapi?"

"Wawili. Ila nataka usimame Nedrelid."

Brashi ikasimama hewani.

"Nedrelid kwa mzee Anfinn?"

"Ni baba yangu."

"Pole, dada." Alisema kwa huruma kweli, kana kwamba nimempa taarifa ya ugonjwa. "Mwaka juzi nilisogea pale ili wageni wapige picha. Mzee akatumwagia ndoo nzima ya maji ya jibini kutoka juu. Kuna mama mmoja wa Oslo alinuka mbuzi mpaka anashuka."

"Safari hii atakuwa na mgeni wake. Mke wake."

Torleiv akaweka brashi chini.

"Nisikilize. Lile gati ni lake. Na tangu enzi za babu zetu, boti haifungi kamba kwenye gati kama lile mpaka mtu wa juu aonyeshe ishara. Mchana bendera, gizani taa. Baba yako akipandisha bendera, nasimama, hata nikiwa nimembeba mfalme. Asipopandisha, napita."

"Na asipopandisha kwa ukaidi tu?"

"Hapo nitapita polepole. Ndiyo heshima ninayoweza kuwapa."

Nikashika nafasi mbili. Nilirudi nyumbani naimba. Ndugu zangu, mtu mwenye bahati kama yangu hapaswi kuimba mapema.

Asubuhi iliyofuata nilimwambia Mama, "Jumamosi tunapanda boti. Tunakwenda kumwona mumeo."

Alinitazama kwa adabu, kama mtu anayemtazama nesi mgeni. Jina langu hajalitamka tangu Pasaka.

"Mume gani, mwanangu? Mimi sijaolewa. Nani angenioa na nyonga hii?"

Nilicheka naye. Halafu nikaingia bafuni, nikafungua maji ya bomba yatiririke kwa nguvu, nikalia mpaka kichwa kikaniuma. Nimechelewa, nilijiambia. Umepanga, umepanga, umechelewa.

Nilipotoka, mdogo wangu Sjur alikuwa ameshaingia, amekaa mezani na viatu vyake. Sjur anaishi ng'ambo ya fyordi, na ni yeye peke yake anayefika Nedrelid, kwa boti yake ndogo, kumpelekea Baba chakula cha mbuzi. Akifika hugombana na Baba. Akitoka huko huja kugombana na mimi.

"Nimesikia mpango wako," alisema. "Umechanganyikiwa, dada. Uwachukue watu wawili wasiosalimiana, uwakutanishe mbele ya watalii, halafu iweje? Wacheze dansi?"

"Waonane tu."

"Mzee hashuki."

"Nisaidie ashuke."

"Mimi nani? Wewe ndiye mwenye shamba. Mwambie wewe."

Hilo ndilo jiwe lililo kati yetu. Kwa sheria yetu shamba humwendea mzaliwa wa kwanza, na mzaliwa wa kwanza ni mimi, ninayeogopa hata mbuzi. Kila gunia lililopanda ile ngazi limepanda mgongoni kwa Sjur. Lakini Baba akiulizwa husema Nedrelid inamsubiri Gudveig. Amesema hivyo mbele ya Sjur, mara nyingi, na kijiko mdomoni.

"Ameniomba... apandishe bendera..." nikaanza. Nilikuwa nababaika hata maneno yakakataa. Nilichosema hatimaye ni hiki: "Nahodha anataka bendera tu, Sjur. Akiiona, anasimama."

Sjur alicheka kwa pua.

"Bendera ya Baba! Mikono bado inaniuma. Unakumbuka Babu alipofariki? Nikatumwa kuipandisha ya msiba, nikaivuta mpaka nusu, nikafunga. Mzee akatoka nje na suti yake nyeusi, waombolezaji wote wanatazama, akanishushia yote. 'Anza upya! Hata ya msiba hupanda mpaka juu kabisa kwanza, ndipo ishuke nusu. Marehemu naye aliwahi kusimama wima.' Nilikuwa nalia, kamba imelowa, na yeye anasimamia kama mwalimu wa jeshi."

"Nakumbuka."

"Basi huyo ndiye unayetaka akupandishie bendera ya utalii."

Akachomoa kwenye mkoba wake kipande cha jibini ya kahawia, kimefungwa kwenye karatasi, akakitupa mezani. "Kaniambia nikutupie hii. Nadhani ni kwa sababu mbuzi wamekataa kuila."

Mama alivuta ile jibini. Akachukua kikwangulio, akakwangua kipande chembamba, akakiweka kwenye mkate, akatafuna. Tukaacha kubishana, maana uso wake ulibadilika.

"Kaiunguza," alisema.

"Nani, Mama?"

"Anfinn! Nani mwingine? Nimemwambia mara ngapi, maji ya maziwa yakishaanza kuwa mazito huondoki kwenye sufuria. Unakoroga. Yeye akisikia injini anakimbilia dirishani kuchungulia boti, jibini inashika chini." Akakwangua kipande kingine. "Mwanamume mzima, kuchungulia boti."

Sjur alikuwa amevua kofia, anaikunjakunja.

"Bado anachungulia," alisema kwa sauti ndogo, akiongea na meza. "Kila boti ikipita. Anasema anaangalia hali ya hewa."

Kisha Sjur akasimama ghafla, kama mtu aliyekasirishwa na jambo.

"Ijumaa nampelekea chakula cha mbuzi. Nitalala huko. Jumapili nitamshusha ile ngazi mwenyewe, hata kwa kumbeba mgongoni."

"Msigombane, Sjur. Tafadhali."

"Tusipogombana tutaongea nini?" Akambusu Mama kwenye paji la uso, akaondoka na kipande cha mkate mdomoni.

Ningependa tuishie hapo, lakini mnanijua. Sikuweza kukaa na jambo hilo mikononi mwa Sjur peke yake. Nikampigia Baba simu.

Baba ana simu ya mezani, na akiuinua mkono wa simu hasemi haloo. Haoni sababu. Anayepiga ndiye mwenye shida.

"Baba, ni Gudveig."

Nikasikia saa ya ukutani. Nikasikia kengele ya mbuzi.

"Jumapili asubuhi tutapita na boti ya Torleiv. Mama yumo."

Saa, na mbuzi.

"Baba, anasahau. Anasahau kila kitu. Jana kasema hajaolewa. Halafu kaonja jibini yako, kalitaja jina lako. Sijui kama mwezi ujao atalitaja. Sijui hata kama wiki ijayo. Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu tangu niwe mtu mzima, na sasa nakuomba."

Nikamsikia anavuta kiti, anakaa.

"Alisemaje kuhusu jibini?" aliuliza.

"Kwamba umeiunguza."

Nikasikia pumzi ikimtoka puani. Kwa Baba hicho ni kicheko.

"Torleiv anataka ishara," nikasema haraka. "Ukitaka tusimame, pandisha bendera."

"Unanifundisha bendera?"

"Hapana, Baba."

"Mkiiona, simameni. Msipoiona, mpitishe tu mama yako, atazame maporomoko ya maji. Aliyapenda." Akakata.

Nilibaki na simu sikioni. Hakukataa! Kwa mtu mwingine lile lingekuwa tusi. Kwa mzee Anfinn wa Nedrelid ilikuwa karibu sawa na barua ya mapenzi.

Jumamosi asubuhi Mama alikataa kuvaa koti la safari. Alitaka vazi lake la asili, lile la sherehe, lenye kizibao chekundu na kifungo cha fedha kifuani. Kulifunga ni kazi. Nilifunga huku natazama saa, jasho linanitiririka.

"Tunakwenda harusini?" aliniuliza.

"Karibu na hivyo, Mama."

"Ya nani?"

"Yako."

"Hee! Nimechelewa kweli," akasema, tukacheka wote wawili.

Kwenye boti watalii walimpiga picha. Kulikuwa na bwana mmoja mnene wa Oslo, mwenye kofia ya pamba, na mkewe, ambao walimmiminia kahawa kutoka kwenye chupa yao na kumwita malkia. Mama alifurahi. Mimi sikula wala sikuona mlima hata mmoja. Nilikaa namchunguza usoni, kama mama wa mtoto mwenye homa. Bado yupo? Sasa je? Na sasa?

Balestrand tulilala salama. Jumapili nilipomwamsha alinitazama akaogopa.

"Wewe ni nani? Hapa ni wapi?"

"Ni mwanao. Tunakwenda Nedrelid kwa Anfinn."

"Anfinn," alirudia, kama mtu anayejaribu kiatu. Hakikumkaa. "Ni mtu mzuri?"

Nilimchana nywele, nikamvisha, nikamshika mkono mpaka kwenye boti, na moyoni nilikuwa namwomba Mungu neno moja tu: kidogo. Mwachie kidogo. Saa moja. Chukua nyingine zote.

Nilitaka kumpigia Sjur nijue hali. Lakini tulipoingia tu fyordi yetu, milima ikafunga pande zote na simu ikakosa mtandao. Ndivyo ilivyo huko siku zote. Nikaiweka mfukoni.

Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji. Torleiv aliendesha polepole. Mama aliniuliza tunakwenda wapi, nikamwambia. Akaniuliza tena. Akaniuliza tena.

Tukakata kona, ukungu ukafunguka, na Nedrelid ikawa juu yetu: nyumba nyeupe, zizi, ngazi, mlingoti.

Mlingoti ulikuwa mtupu.

"Boti ya mdogo wako ile pale," Torleiv alisema. Kweli, boti ndogo ya Sjur ilikuwa imefungwa gatini. Basi yuko juu na Baba, nikajipa moyo. Atakuwa anamvalisha viatu. Watakuwa wanagombana, na mmoja atashinda.

Torleiv alipunguza mwendo mpaka injini ikawa inanong'ona tu. Tukangoja. Hakuna aliyetokea. Mbuzi walisimama kwenye ukingo, wanatutazama.

"Mbona tumesimama?" mke wa yule bwana wa Oslo aliuliza.

"Tunangoja kidogo," nilisema.

"Dada," Torleiv aliniambia pembeni, "maji yananisukuma. Siwezi kukaa hapa."

"Kidogo tu."

"Nimekaa kidogo."

"Torleiv, nitakupigia magoti, hapa hapa mbele ya wageni wako. Unataka nipige magoti?"

"Usinifanyie hivyo, bwana." Lakini hakuongeza mwendo.

Nikapaza sauti, "Baba! Sjur!" Jabali likanirudishia majina yote mawili. Mama alishtuka. Nilijiona mjinga wa mwisho, mwanamke aliyemtoa mgonjwa kitandani akaja kumpigia kelele mwamba. Torleiv alishika usukani, akaanza kuigeuza boti kuelekea nje. Sikuwa na nguvu za kumlaumu.

"Ona!" akasema bwana wa Oslo. "Wanatusalimia!"

Niligeuka.

Chini ya mlingoti kulikuwa na kitambaa chekundu. Kikatikisika. Kikaanza kupanda.

Nilipiga kelele ambayo sikujua ninayo. Nilimkumbatia Torleiv mpaka kofia yake ikaanguka majini, naye anacheka, anasema, "Nimeona, nimeona, niache niendeshe!" Watalii walipiga makofi. Bendera ilipanda bila haraka, mkono baada ya mkono, mpaka ikagonga kichwa cha mlingoti na upepo ukaikunjua yote.

"Ananiita," Mama alisema.

Nilimtazama. Alikuwa wima kwenye kiti chake, mkono kifuani, macho makavu na angavu. Alikuwepo. Alikuwepo mzima mzima.

"Nani anakuita, Mama?"

"Anfinn. Usiulize maswali ya kijinga. Niweke hiki kifungo sawa."

Nikapiga magoti mbele yake, nikaanza kukiweka sawa. Kikaniteleza, nikakishika tena. Nilikuwa nalia na kucheka, na injini ilikuwa imebadilisha sauti, tunaelekea gatini. Nakuambieni ukweli, wasomaji wangu, katika miaka yote ya maisha yangu sijawahi kuwa na furaha kama niliyokuwa nayo wakati napambana na kile kifungo.

Makofi yakakoma.

Hayakupungua. Yalikoma yote kwa pamoja, nami nilikuwa bado nimempa mlima mgongo. Niliona viatu vya bwana wa Oslo vikisimama sawasawa. Niliona mkono wake ukivua kofia ya pamba na kuishusha.

Niligeuka polepole, maana sikutaka kugeuka.

Bendera ilikuwa inashuka. Polepole, kwa adabu, na mtu anayeijua kazi yake. Ikafika nusu ya mlingoti. Ikasimama hapo. Kamba ikafungwa.

Torleiv akazima injini.

Nilijiambia kamba imeteleza. Nilijiambia aliyekufa ni mbuzi mmoja, ni jirani, ni mtu wa mbali kijijini. Lakini Nedrelid haina jirani, na juu ya lile genge walikuwepo watu wawili tu, baba yangu na mdogo wangu. Mmoja alikuwa ameishika ile kamba. Na wote wawili wanajua inavyofungwa.

Mkono wa Mama ukanishika. Ulinibana mpaka pete yake ikaniuma. Nilimgeukia nikitumaini, Mungu anisamehe, kwamba safari hii amesahau. Kwamba hajui tena bendera ya nusu mlingoti maana yake nini.

Alikuwa ameinua macho kule juu, hapepesi.

"Gudveig," alisema. Jina langu, zima, kwa mara ya kwanza tangu Pasaka. "Gudveig mwanangu, wewe macho yako ni mazuri. Nitazamie. Aliyeshika kamba ni nani?"